Picha za nyumbani, picha za njiani



Juma hili hatuandiki juu ya likelemba wala juu ya bei ya mchele. Tunaandika juu ya picha: zile tunazopiga kwa simu zetu jikoni, shambani, sokoni na barabarani, kisha tunazitumiana au tunazisahau. Labda mmoja wenu atauliza kama hii ni kazi ya chama cha wamama. Sisi nasi tuliuliza hivyo, mpaka ilipotupata habari ifuatayo.

Mama mmoja wa kikundi chetu alikuwa anavuka mto kwa mtumbwi, akitoka shambani kwake. Simu alikuwa ameifunga katika ncha ya kikwembe, kama tufanyavyo wengi. Alipoinama kushusha gunia la mpunga, fundo lilifunguka, simu ikaingia majini. Ilikuwa simu ya zamani, kioo chake kimepasuka. Tulimpa pole, tukamwambia simu ni kitu cha kununua, atapata nyingine. Hakujibu neno. Siku ya mkutano ndipo alipotuambia: picha pekee ya kifungua mimba wake, aliyefariki kwa surua akiwa na miaka mitatu, ilikuwa ndani ya simu ile. Hakuwa amemtumia mtu yeyote. Aliona si picha ya kutuma, kwa sababu mtoto alikuwa na uji mdomoni na hakuvaa shati.

Tulinyamaza. Kisha mmoja wetu akauliza kama kuna mtu aliyewahi kupiga picha nyumbani kwa mama huyo. Kila mmoja alitoa simu yake, akaanza kurudi nyuma, mwezi kwa mwezi. Ilichukua mkutano mzima na ajenda haikuguswa. Mwishoni mama prezida wetu alipata picha ya siku ya kupika kwa ajili ya ndoa, wamama watano wakitwanga sombe. Pembeni, karibu na kinu, yuko mtoto mdogo amekaa juu ya mtungi ulioinamishwa, akiangalia kuku. Uso unaonekana nusu. Ni yeye.

Tulichanga, tukaenda mjini kwa mpiga picha mwenye mashine ya kutoa karatasi. Leo picha ile imetundikwa ukutani kwa mama yule. Haina uzuri wa picha ya studio. Aliyeipiga hakumwona hata mtoto, alikuwa anapiga vinu. Lakini ndiyo iliyobaki.

Siku za kawaida hazina mwandishi

Sisi wa Kasongo na Kabambare tunapiga picha siku ya ndoa, siku ya Idi, siku ya ubatizo, siku ya diploma. Siku hizo tunavaa kikwembe kipya, tunasimama wima, tunamwita mtu mwenye simu nzuri. Siku nyingine zote, ambazo ndizo maisha yetu, hazipigwi. Hakuna anayepiga mwanamke akipepeta mchele. Hakuna anayepiga foleni ya mitungi kwenye chemchemi alfajiri, wala kibanda cha mihogo kinapoanikwa, wala watoto wakienda shule kwa mstari mmoja kwenye kichaka chenye umande.

Hasara ya jambo hili tunaijua hapa kwetu kuliko mahali pengi. Nyangwe iko katika teritware yetu ya Kasongo, ukingoni mwa Lualaba. Mwaka 1871 palikuwa na soko kubwa, na wengi wa wenye soko walikuwa wanawake. Walikuja kwa miguu na kwa mitumbwi, wengine kutoka ng'ambo ya mto. Mgeni mmoja Mwingereza, David Livingstone, alifika hapo mwishoni mwa Machi mwaka huo, akakaa zaidi ya miezi mitatu akitafuta mtumbwi wa kumvusha. Kwa kuwa hakuupata, alikwenda sokoni na kutazama. Aliandika aliyoyaona: samaki wadogo waliokaushwa kwa moshi na kuchomekwa kwenye vijiti, konokono kwenye vigae, mihogo iliyolowekwa siku tatu, ndizi, mafuta ya mawese, kuku, chumvi, na wanawake wakibishana bei. Mama yeyote anayekwenda soko letu leo atatambua karibu kila kitu.

Tarehe 15 Julai 1871 watu wenye bunduki kutoka misafara ya biashara walianza kufyatua risasi katikati ya soko. Watu walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikakwama kwenye kijito, wengi wakajitupa mtoni wakazama. Hesabu aliyoipata Livingstone ni kati ya watu 330 na 400, na wengi wao walikuwa wanawake. Habari hiyo ilipofika Uingereza mwaka 1872 iliwatikisa watu, ikawa moja ya sababu zilizosukuma kufungwa kwa soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873.

Fikirini sasa jinsi habari hiyo ilivyohifadhiwa. Mzee yule alikuwa ameishiwa karatasi na wino. Aliandika juu ya gazeti la zamani, akikatiza maneno yaliyochapwa, kwa wino aliotengeneza kwa rangi ya mmea. Wino ulififia mpaka haukusomeka. Mwaka 2011 ndipo wataalamu walipoweza kuusoma vizuri, kwa kutumia mwanga wa aina nyingi na kompyuta. Miaka 140 ilipita. Habari za bibi zetu wa soko la Nyangwe zilining'inia kwenye kipande cha gazeti cha mgeni mmoja aliyekosa mtumbwi.

Na majina yao? Mgeni hakuyajua. Tunajua walichouza, hatujui waliitwaje. Jambo hili tulilizungumza sana katika kikundi. Mama mmoja mzee alisema: mtu akikuandika bila jina lako, ameandika mzigo wako.

Picha ambazo wengine wanatupiga

Siku hizi wageni wanakuja na kamera. Hatuwakatai wote. Picha imewahi kuusaidia umma wa nchi hii: mwaka 1904 Alice Seeley Harris, mke wa mmisionari huko Equateur, alimpiga picha baba mmoja aliyeitwa Nsala, ameketi mbele ya mkono na mguu wa mtoto wake. Zile picha zilionyeshwa Ulaya na Marekani, zikawafanya watu waamini maovu ya mpira chini ya Mfalme Leopold, ambayo kwanza walikuwa wanayakana. Na jina la Nsala lilihifadhiwa pamoja na picha, pia jina la mtoto, Boali. Kwa hiyo hatusemi kwamba taabu isipigwe picha.

Lakini tunasema yaliyotupata. Miaka michache iliyopita watu wa shirika moja walifika mahali ambapo dada mmoja wa kikundi chetu alikuwa amempeleka mtoto wake aliyedhoofu. Walimpiga picha akiwa amechoka, kitambaa kimemwanguka kichwani. Walimwambia ni kwa ajili ya ripoti. Baadaye mdogo wake, aliyekuwa Bukavu, aliiona sura yake kwenye karatasi kubwa ukutani, na chini yake maneno ya kusema kwamba huyu ni mwanamke aliyeteswa vitani. Dada yetu hakuteswa vitani. Mtoto wake alikuwa ameugua, akapona, leo yuko darasa la tatu. Watu walianza kumwuliza mume wake maswali. Yeye mwenyewe aliacha kuja mkutanoni kwa miezi mingi.

Ndiyo sababu jina la Salamabila likitajwa mbali, linatajwa kwa dhahabu ya Namoya na kwa milio ya bunduki. Mambo hayo yapo, hatuyafichi, wapo kati yetu waliokimbia nyumba zao kwa ajili yake. Lakini Salamabila kuna pia mama anayekaanga mikate saa kumi na moja asubuhi, na vijana wanaocheza mpira kwenye vumbi mpaka giza. Tukiwaachia wengine kazi ya kutuonyesha, watoto wetu walioko Kinshasa, Uvira au ng'ambo watakuja kuogopa kwao.

Njia ya kwenda milimani

Kwa hiyo tangu kiangazi kilichopita tumeanza desturi. Anayesafiri analeta picha, na anayebaki nyumbani analeta picha. Tunazitazama pamoja kabla ya kufungua likelemba. Tuwaambie baadhi ya tulizoziona.

Dada wawili wa kikundi walifanya safari ya biashara kutoka Kasongo kwenda Kabambare, kisha mpaka Baraka ziwani. Njia hii ni ya zamani kuliko babu zetu: ndiyo njia ya misafara iliyotoka Ujiji, ikavuka Tanganyika, ikapita Kabambare na kufika Kasongo na Nyangwe. Kiswahili tunachokisema kilipita humo humo, kichwani mwa wabeba mizigo.

Picha ya kwanza ni pikipiki. Motari mbele, dada nyuma, na katikati yao vidumu vinne vya mafuta ya mawese vimefungwa kwa mipira. Tulicheka kwa sababu dada haonekani, inaonekana miguu tu. Picha ya pili ni daraja la magogo. Motari anavuka peke yake polepole, abiria wanavuka kwa miguu, viatu mkononi. (Picha hiyo tumeifuta baada ya kuitazama, sababu mtaisoma chini.) Ya tatu ni wanaume wanaosukuma baiskeli mlimani, kila baiskeli na magunia yaliyopita kichwa cha anayeisukuma. Tulimtambua mmoja: ni shemeji wa mama anayeketi karibu na dirisha. Hakuwa amepata habari zake kwa majuma matatu. Alipiga vigelegele.

Baada ya Kabambare nchi inaanza kuinuka. Msitu unabaki kwenye mabonde, kandokando ya maji, na juu ni nyasi. Mto Luama unatoka upande huo wa mashariki kuja kumwaga maji yake Lualaba. Mbele zaidi kaskazini-mashariki ni milima ya Itombwe, ambayo vilele vyake vinapita meta 3,000. Wengi wetu wa Kasongo hatujawahi kuona mlima wa namna hiyo. Katika picha moja, iliyopigwa asubuhi, ukungu umejaa bondeni na nyumba tatu za nyasi zinaonekana juu yake kama mitumbwi. Mama mmoja aliuliza kama hapo kuna baridi. Dada akaonyesha picha nyingine: mwenyewe, amejifunga vikwembe viwili na taulo, ameshika kikombe cha chai kwa mikono yote.

Kutoka Lulimba barabara inapanda mpaka Fizi, kisha inateremka mpaka Baraka. Huko ndiko zinakotoka ndagala, sabuni, chumvi na vikwembe vingi tunavyonunua. Dada aliwapiga picha wamama wa Baraka wakianika ndagala kando ya maji, baada ya kuwaomba ruhusa. Wale wakamwambia: basi nasi tuonyeshe mnavyolima mchele. Aliwaonyesha picha za shamba lake zilizokuwa ndani ya simu. Walishangaa kuona watoto wakifukuza ndege kwa manati. Walibadilishana namba, na mwezi uliofuata walipelekeana bei ya ndagala na ya mchele bila kupitia kwa mtu wa katikati. Hatukutazamia faida hiyo, lakini tunaiandika kwa sababu ni kweli.

Wanaobaki nyumbani nao walileta zao. Mmoja alileta picha ya mikono ya mama mkwe wake akisuka mkeka. Mwingine alileta picha ya mlango wake kabla ya mvua kubwa na baada ya mvua. Msichana wa mmoja wetu, mwenye miaka kumi na mitatu, alileta picha ya mama yake amelala mchana chini ya mwembe, jembe pembeni. Mama alikasirika: kwa nini umenipiga nimelala? Msichana akasema hajawahi kumwona amelala mchana, alitaka kukumbuka. Mama hakusema zaidi. Lakini aliomba isitumwe kwa mtu, na hatukuituma.

Tuliyopatana

Kutokana na hayo yote tumepatana mambo saba. Tunayaandika ili vikundi vingine viyatazame, viyaongeze au viyapunguze.

1. Tunaomba ruhusa kwanza. Tunamwonyesha mtu picha yake, na akisema futa, tunafuta mbele yake. Mtoto anaombewa na mzazi wake. Mtoto mwenye akili za kujibu anaulizwa pia.

2. Hatupigi askari, barieri, uwanja wa ndege, daraja wala mgodi. Msafiri mwenye picha hizo ndani ya simu anaweza kushukiwa, kunyang'anywa simu au kuwekwa ndani. Tukipiga kwa kusahau, tunafuta kabla ya kuendelea na safari.

3. Picha za njiani tunazituma tukiwa tumefika, si tukiwa njiani. Mtu mbaya asijue nani yuko wapi na amebeba nini. Pesa na bidhaa nyingi hazipigwi.

4. Mtoto aliye uchi, mgonjwa, mwanamke aliyetendewa ubaya, mtu aliyekimbia vita: picha zao hazitoki kwenye kikundi, na mara nyingi hazipigwi kabisa. Dada akija kwetu akilia, tunashika mkono wake, simu inakaa mfukoni.

5. Kila picha ina jina, mahali na mwaka. Kwenye simu tunaandika chini ya picha tunapoituma. Kwenye karatasi tunaandika nyuma kwa kalamu ya risasi, kwa sababu wino wa biki unapenya na kuchafua uso wa picha. Tusije tukawaachia wajukuu sura bila majina.

6. Kila picha tunayoipenda inakaa mahali pawili. Moja kwenye simu yako, moja kwa mwenzako au kwenye kadi ya memori inayowekwa nyumbani. Asiye na mega za kutuma anaweza kuhamisha kwa Bluetooth, simu kwa simu, bila kulipa kitu. Siku ya mkutano tunafanya hivyo kwa dakika kumi.

7. Kila miezi mitatu tunatoa pesa kidogo kwenye sanduku la kikundi, tunachapisha picha chache. Karatasi haihitaji kuchajiwa. Tunaihifadhi ndani ya plastiki, katika sanduku la bati, mbali na moshi, unyevu na mchwa.

Kwa mama ambao hawana simu, na ni wengi: hamkosi nafasi. Mwenye simu anakwenda nyumbani kwa asiye nayo, anapiga anachoambiwa. Mama mmoja mjane aliulizwa anataka kupigwa wapi. Tulidhani atavaa na kusimama mlangoni. Alitupeleka nyuma ya nyumba, akasimama karibu na tanuri la matofali alilojenga mwenyewe baada ya mume wake kufariki. Akasema: andika kwamba ni langu.

Wapo waume waliouliza kwa nini wake zao wanapigwa picha. Tunawaelewa, na hatutaki ugomvi nyumbani. Tuliwaalika watatu waje wakae nasi, waone. Mmoja alisema picha za mke wake zikae kwenye karatasi tu, zisiingie kwenye simu za watu. Mke alikubali, nasi tulikubali. Mwingine alitoa simu yake akatuonyesha mama yake mzazi akichambua maharage. Alikuwa anaificha, alidhani ni jambo la kuchekwa.

Mkutano ujao, kila kikundi, cha Kasongo na cha Kabambare, kilete picha moja ya kitu cha juma hili. Isiwe ya sherehe. Jikoni, kisimani, shambani, kitandani kwa mgonjwa aliyekubali, barabarani ukiwa umefika salama. Njoo pia na jina la kila aliyemo ndani, hata yule mtoto aliye pembeni anayeangalia kuku.